Siku na Mahali pa Kusikiliza Mashauri: Nani Anaamua?



Somo la leo linahusu jambo ambalo viongozi wengi hulimaliza kwa neno moja tu: "Mje Jumanne, saa mbili ya asubuhi, kwangu." Tukisikia neno hilo, tunafikiri kazi ya kusikiliza shauri haijaanza. Kumbe mara nyingi imekwisha kuanza, na pengine imekwisha kuisha. Yule aliyechagua siku na mahali amekwisha kuamua ni nani atakayefika na ni nani atakayekosa.

Mwisho wa somo hili tunataka kila mmoja wetu aweze kufanya mambo matatu: kueleza kwa nini siku na mahali pa kikao ni sehemu ya haki, kujua maswali ya kuuliza kabla ya kupanga kikao, na kujua la kufanya mtu asipoweza kufika.

MFANO WA KUANZIA

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya kujifunza, lakini wengi mtautambua.

Mama mmoja mjane alikimbia kijiji chake usiku pamoja na watoto wanne. Sasa yuko kambini, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Kule nyuma aliacha shamba la mihogo na migomba ambalo marehemu mume wake alilirithi kwa baba yake. Jirani mmoja hakukimbia, au alikimbia na kurudi mapema. Alianza kulima nusu ya shamba lile, kisha lote. Baada ya misimu miwili akaenda kwa shefu wa kijiji, akasema: "Shamba hili halina mtu, na mimi ndiye ninayelitunza. Naomba liandikwe kwa jina langu."

Shefu hakukata neno palepale. Alifuata desturi: akapanga siku ya baraza na kutuma mwito kwa mdomo kupitia watu waliokuwa wakienda sokoni. Mwito ulimfikia mama Jumapili jioni. Baraza lilikuwa Jumanne. Jumanne hiyo ilikuwa siku ya ugawaji wa chakula kambini, na asiyekuwapo na jetoni yake mkononi hapati kitu mpaka mwezi unaofuata. Njiani kulikuwa na bariyeri mbili, na kila moja ina bei yake. Mama hakuenda.

Kule barazani shefu aliita jina lake mara tatu. Kimya. Sekretere akaandika: "Upande wa pili hakutokea." Shamba likapewa jirani, wazee wakatia sahihi, watu wakaenda nyumbani.

Habari zilipofika kambini, mama alilia na kusema: "Hakuna aliyeniuliza siku gani ninaweza." Lakini kijana wake wa miaka kumi na saba hakulia. Alisema kwamba anajua watu wanaoweza kumrudishia shamba la baba yake kwa njia nyingine.

Tusimame hapo. Katika mfano huu shefu si mtu mbaya. Aliita, alingoja, aliandika. Jirani naye labda aliamini kweli kwamba wenye shamba hawatarudi. Hata hivyo, baraza lililokusudiwa kumaliza ugomvi limempa kijana sababu ya kuingia porini kuchukua bunduki. Na jirani amepata shamba ambalo hatalala usingizi mzuri ndani yake.

Wazee wetu husema: Asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii inaeleza namna mambo yanavyokwenda duniani. Haikupewa kiongozi ili aifanye kuwa hukumu. Kazi ya kiongozi ni kuhakikisha kwamba mtu hakosi neno lake kwa sababu tu vita vilimweka mbali.

VIKAO GANI TUNAVYOZUNGUMZIA?

Mashauri ya familia zilizokimbia husikilizwa katika ngazi nyingi. Kuna baraza la shefu wa kijiji, la mkubwa wa grupema, na la mwami au shefu wa sheferi. Kuna vikao katika biro ya teritware, mbele ya msimamizi, yule tunayemwita AT. Kuna uchunguzi unaofanywa na wakubwa wa ardhi kabla ya mtu kupewa eneo. Kuna vikao vya upatanishi vinavyosimamiwa na komite za amani. Kuna pia vikao vya karatasi, kwa mfano pale mtoto aliyezaliwa ukimbizini hakuandikishwa katika siku 90 ambazo sheria inatoa, na wazazi wanalazimika kupitia kwa majaji kabla ya kupata cheti.

Vikao hivi havina nguvu sawa. Kinachoandikwa na komite ya amani ni mapatano, si hukumu ya tribinali. Lakini vyote vinahitaji siku moja na mahali pamoja ambapo watu watakutana. Kwa hiyo mafundisho haya yanavihusu vyote.

Uchunguzi wa ardhi unastahili neno la pekee. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka kwamba kabla ya ardhi ya vijijini kutolewa kwa anayeiomba, uchunguzi ufanywe kwanza: kuhakikisha mipaka mahali penyewe, kuandika watu waliopo na kazi wanazofanya hapo, na kuwasikiliza wenye malalamiko au maoni. Ni mpango mzuri. Lakini fikirini uchunguzi huo ukifanywa wakati kijiji kizima kimekimbia. Mipaka itapimwa, nyasi ndefu zitaonekana, na hakuna mtu atakayehesabiwa. Hakuna mdomo wa kulalamika. Karatasi itasema kwamba ardhi ni tupu. Ardhi hiyo haikuwa tupu. Wenyewe walikuwa ukimbizini. Ukweli wa karatasi ile ulitegemea siku iliyochaguliwa.

SHERIA INATUSAIDIAJE?

Wengine watasema: "Siku na mahali ni shauri la mkubwa, sheria haisemi kitu." Sivyo. Tuangalie mambo machache.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 19, inampa kila mtu haki ya kesi yake kusikilizwa na jaji anayehusika, katika muda usiopita kiasi. Kifungu cha 20 kinasema kwamba vikao vya mahakama viwe wazi kwa watu wote, isipokuwa pale ambapo uwazi ungehatarisha utulivu au adabu. Kifungu cha 21 kinataka kila hukumu iandikwe, itaje sababu zake, na isomwe hadharani. Vifungu hivyo vinahusu mahakama, lakini shefu au AT anaweza kuvitumia kama kipimo cha kikao chake. Tena kifungu cha 207, kinachotambua mamlaka ya kimila, kinayapa mamlaka hayo wajibu wa kukuza umoja na mshikamano wa taifa.

Utaratibu wa kesi za madai, uliowekwa kwa dekreti ya tarehe 7 Machi 1960, unampa anayeitwa siku nane kamili kati ya kupokea mwito na kufika mbele ya jaji, pamoja na siku moja ya nyongeza kwa kila kilomita 100. Maana yake ni kwamba sheria yenyewe inajua kuwa mtu wa mbali anahitaji muda zaidi. Ila kipimo cha kilomita 100 kwa siku hakikuwekwa kwa ajili ya mama anayetembea kwa miguu na mtoto mgongoni. Sisi tunaoishi hapa tunajua kwamba njia ya kilomita 40 penye matope na bariyeri inaweza kula siku mbili nzima.

Kuhusu wakimbizi wa ndani hasa, Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka wa 1998 zinasema, katika kanuni ya 20, kwamba mtu aliyepoteza karatasi zake asilazimishwe kurudi alikotoka ndipo apewe nyingine. Nao Mkataba wa Kampala, uliopitishwa na Umoja wa Afrika mwezi wa Oktoba 2009 na kuanza kutumika mwezi wa Desemba 2012, unataka nchi ziweke njia rahisi za kumaliza migogoro ya mali ya waliokimbia. Njia haiwezi kuitwa rahisi ikiwa aliyekimbia hawezi kuifikia.

KUCHAGUA SIKU

Kabla ya kutaja siku, kiongozi aulize maswali haya kwa pande zote mbili, si kwa upande mmoja tu.

1. Siku hiyo kuna nini kingine? Tuangalie siku ya soko, ya ugawaji wa chakula, ya kuhakiki majina kambini, ya salongo. Tuangalie pia siku za ibada: Ijumaa kwa Waislamu, Jumamosi kwa Waadventista, Jumapili kwa Wakristo wengine. Mtu asilazimishwe kuchagua kati ya Mungu wake na shamba lake, wala kati ya shamba lake na unga wa watoto.

2. Ni majira gani ya kilimo? Katika milima ya Kivu, watu wengi hupanda kuanzia Septemba, na tena kuanzia Februari. Wiki hizo mkulima akipoteza siku tatu njiani, amepoteza chakula cha msimu mzima. Kiangazi, kati ya Juni na Agosti, njia nyingi hupitika vizuri zaidi.

3. Njia ikoje wiki hii? Hapa tusiulize walinzi wa bariyeri. Tuwaulize wanawake wanaokwenda sokoni na vijana wa pikipiki, kwa sababu wao ndio wanaojua leo kunapitika au hakupitiki.

4. Saa gani? Kikao kinachoanza saa mbili ya asubuhi kinamlazimu mtu wa mbali kulala njiani au kutembea gizani. Kikao kinachomalizika saa kumi na moja ya jioni kinamrudisha mwanamke nyumbani usiku. Mara nyingi saa nne ya asubuhi hadi saa nane ya mchana huwafaa wengi. Anayetoka mbali asikilizwe wa kwanza.

5. Mwito ulitoka lini? Sisi tunashauri wiki mbili kwa uchache, na zaidi kama upande mmoja uko ukimbizini.

KUSIKILIZA, KUTEMBELEA, KUKATA NENO

Tunakuja sasa kwenye jambo ambalo tungependa mlikumbuke kuliko mengine yote ya somo hili. Mara nyingi tunadhani kikao lazima kiwe kimoja: siku moja, mahali pamoja, na mambo yote yamalizike. Kwa watu waliotawanywa na vita, mpango huo huwaacha wengi nje. Kazi ya kikao ina sehemu tatu, na kila sehemu inaweza kuwa na siku yake na mahali pake.

Sehemu ya kwanza ni kusikiliza mashahidi. Hii haipaswi kungoja. Mzee anayejua nani alipanda ule mti wa mpaka, na mwaka gani, yuko kambini, ana miaka themanini, na kikohozi hakimwachi. Akifa, ushahidi umezikwa pamoja naye. Kwa hiyo shefu au wajumbe wake wamfuate huko aliko. Wamsikilize mbele ya watu wa pande zote mbili, waandike maneno yake, wamsomee kwa lugha anayoielewa, atie alama ya kidole, na kila upande upewe nakala.

Sehemu ya pili ni kutembelea shamba. Mpaka hauwezi kuonekana kutoka barazani. Kazi hii ifanywe mchana, shambani penyewe, na kila upande uwe na mtu wake. Kama mwenye shamba hawezi kufika kwa sababu ya hatari, amtume ndugu au jirani anayemwamini, kwa barua ya uwakilishi. Kama hata hilo haliwezekani, basi shamba lisipimwe kwanza.

Sehemu ya tatu ni kukata neno. Hii ndiyo inayoweza kungoja. Tunawaomba viongozi wasikate neno la mwisho juu ya umiliki wa shamba wakati upande mmoja hauwezi kufika kwa sababu ya vita. Wanaweza kutoa ulinzi wa muda: jirani aendelee kulima mazao ya msimu, kama maharagwe au mahindi, lakini asiuze, asijenge, asipande miti ya kudumu kama kahawa au mikaratusi, wala asing'oe alama za mpaka. Hilo liandikwe, na tarehe ya kuliangalia tena iandikwe pia.

Kwa nini tarehe? Kwa sababu hatari iko pande zote mbili. Haraka haraka haina baraka, ni kweli. Lakini ngoja ngoja nayo huumiza matumbo. Kuna wanaoomba kuahirisha kila mara ili mwenzao achoke, aishiwe na franka za njia, aache mwenyewe. Ahirisho bila tarehe ni hukumu iliyofichwa.

KUCHAGUA MAHALI

Hakuna mahali pasipo na kasoro. Tupime faida na hasara.

Nyumbani kwa shefu: watu wanapajua, na desturi inapaheshimu. Lakini kama shefu ni ndugu wa upande mmoja, au kama upande mmoja unaamini kwamba ndiye aliyeuza ardhi yao, hawatasema neno hapo. Shefu mwenye busara huliona hilo mwenyewe, naye huomba kukutana mahali pengine. Kufanya hivyo hakumpunguzii heshima.

Biro ya teritware: karatasi zipo na serikali ipo. Lakini mara nyingi ni mbali, na mkulima asiyejua kusoma huingia humo akiwa na woga.

Shule, kanisa au msikiti: pana nafasi na kivuli. Tuangalie tu kwamba wote wanajisikia huru kuingia. Kama ugomvi una sura ya dini au ya kabila, jengo la upande mmoja halifai. Shule itumike baada ya masomo, isiwafukuze watoto darasani.

Kambini: waliokimbia watafika wote. Lakini yule aliyebaki kijijini anaweza kuogopa kuingia katikati ya watu wenye uchungu. Naye ana haki ya usalama. Afike na watu wake, na komite ya kambi ichukue jukumu la kumlinda.

Karibu na kambi ya askari au ya kikundi chenye silaha: tusikubali. Hata kama mkuu wao anasema atatulinda, mwenye bunduki asiwe mwenyeji wa kikao. Neno lililosemwa mbele ya bunduki halimfungi mtu moyoni, na siku bunduki itakapoondoka ugomvi utarudi.

Tena tuangalie mambo madogo yanayowazuia watu wakubwa. Je, mlemavu anaweza kupanda hadi hapo? Kuna maji ya kunywa na choo? Mama anayenyonyesha atakaa wapi? Wanawake watakaa mbele wakisikika, au nyuma karibu na mlango? Marekebisho ya mwaka wa 2016 ya sheria ya familia yaliondoa sharti lililokuwa likimtaka mwanamke aliyeolewa kupata ruhusa ya mume kabla ya kwenda mahakamani. Basi na sisi tusimzuie kwa kuchagua mahali ambapo hawezi kukaa wala kusema.

Na gharama? Mahali penye "kiingilio" cha mbuzi au kasha la bia si mahali pa wazi. Aliyekimbia na shuka moja atatoa wapi mbuzi? Kama desturi inadai kitu, kidaiwe baada ya mapatano, kiwe kidogo, na kitolewe na pande zote sawasawa.

TUJIFUNZE KWA MAHAKAMA ZILIZOWAFUATA WATU

Katika Kivu tumeshuhudia mahakama zikitoka mjini na kuwafuata watu. Zilikuwa kesi za jinai, tofauti na mashauri ya mashamba, lakini zinatufundisha.

Mwaka wa 2011, baada ya wanawake kubakwa na askari mjini Fizi siku ya mwaka mpya, mahakama ya kijeshi ilikwenda kukaa Baraka, katika teritware hiyohiyo. Tarehe 21 Februari, luteni kanali aliyekuwa akiwaongoza alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Wanawake hawakulazimika kufunga safari hadi Bukavu ili wasikilizwe, na haikupita hata miezi miwili.

Mwezi wa Februari 2014, mahakama iliyokuwa ikifanya kazi Goma ilihamia Minova kuwasikiliza waliotendewa mabaya mwezi wa Novemba 2012. Wanawake walitoa ushahidi nyuso zao zikiwa zimefunikwa. Hata hivyo, hukumu ya mwezi wa Mei 2014 iliwavunja wengi moyo: kati ya washtakiwa 39, wawili tu walipatikana na hatia ya ubakaji. Tunalisema hili ili tusidanganyane. Mahali pazuri huwafikisha watu na kuwasikilizisha. Hapazai haki peke yake. Uchunguzi mzuri na majaji wa kweli bado vinahitajika.

Mwezi wa Desemba 2017, mahakama ilikaa Kavumu, karibu na Bukavu, kwa ajili ya watoto wa kike waliobakwa. Watoto wenyewe hawakusimamishwa mbele ya umati. Maneno yao yalikuwa yamerekodiwa kabla. Hapo tunaona kwamba kumleta mtu kikaoni si lazima siku zote. Wakati mwingine haki ni kulileta neno lake na kumwacha yeye mahali pa usalama.

KUPELEKA MWITO

Konvokasio nzuri haiachi mtu akiuliza. Hii ndiyo sampuli tunayopendekeza:

"Kwa ……, aliyeko ……. Unaitwa kusikilizwa katika shauri la shamba lililoko ……, kati yako na ……. Tunapendekeza siku ya ……, saa ……, mahali …….. Kama siku au mahali hapo hapakufai, utujulishe kabla ya tarehe …… kupitia ……, na useme ni siku gani na wapi unaweza. Unaweza kuja na mashahidi na mtu wa kukusaidia. Unaweza kumtuma mtu kwa barua. Kikao hiki hakina malipo. Usipofika mara hii, hakuna neno la mwisho litakalokatwa. Tutapanga siku nyingine."

Angalieni neno "tunapendekeza". Kiongozi bado ndiye anayeamua mwishoni, lakini anaamua baada ya kuuliza.

Mwito upitie njia zaidi ya moja: presidenti wa komite ya kambi, tangazo la kanisani na msikitini, redio ya jirani, simu. Aliyepokea atie alama kwenye daftari, ijulikane ulifika lini. Lakini tuwe na hadhari: tusitangaze redioni majina ya watu na njia watakayopita. Kuna wanaosikiliza redio kwa nia mbaya. Tangazo liseme tu kwamba wenye mashauri ya kijiji fulani waulize kwa komite yao.

ASIPOFIKA JE?

Mara ya kwanza, kikao kiulize sababu na kipange tarehe mpya, au kimfuate aliko. Mara ya pili, kiangalie kama sababu ni ya kweli: hatari, ugonjwa, kifo, chakula cha watoto. Ikiwa ni ya kweli, mahali pabadilishwe, kwa maana tatizo ni mahali na si mtu. Ikiwa mtu anaweza kufika lakini anakataa makusudi, mpatanishi aandike hivyo na shauri lipelekwe ngazi ya juu. Pande zote zijue kwamba njia ya tribinali iko wazi.

TURUDI KWA YULE MAMA

Shefu yuleyule, akiwa na mafundisho haya, angefanyaje? Angemtuma mjumbe kambini kuuliza siku. Angesikia kwamba Jumanne ni ya chakula, akachagua Alhamisi. Wajumbe wawili wangekwenda kambini pamoja na mtu wa jirani, wakamsikiliza mama na mzee mmoja anayejua mpaka. Shemeji wa mama angemwakilisha siku ya kutembelea shamba. Neno la muda lingetolewa: jirani alime maharagwe, asiuze, asipande kahawa, na baada ya msimu waonane tena. Hakuna aliyepata kila kitu alichotaka. Lakini kijana wa miaka kumi na saba angeona jina la baba yake limeandikwa katika karatasi ya shefu, na tarehe ya kurudi kusikilizwa chini yake. Kijana mwenye tarehe ana jambo la kungojea.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika eneo lenu, nani huchagua siku ya baraza? Huwauliza nani kabla?

2. Taja shauri moja ambalo upande mmoja haukufika. Sababu ilikuwa nini? Ingewezekana kufanya tofauti?

3. Ni wazee gani walio ukimbizini wanaojua mipaka ya mashamba yenu? Ni nani atakayewasikiliza na kuandika maneno yao mwezi huu?

4. Chagueni pamoja mahali patatu ambapo pande zote zinaweza kukutana bila woga. Ni nani angeogopa kufika kila mahali, na kwa nini?

5. Andikeni kalenda ya miezi mitatu ijayo yenye soko, ibada, ugawaji na kupanda. Siku zilizobaki ndizo za kusikiliza mashauri. Ibandikeni bironi na kambini.

Tunawaomba mlisome somo hili kwa sauti katika mikutano yenu, hata kwa wale wasiojua kusoma. Na mkutano wenu wa kulijadili, wapendwa, muupange siku ambayo kila mtu anaweza kufika.

Amani iwe nanyi.